ABDUR-RAHMAN AS-SUFI: MWANACHUONI ALIYEKIANDIKA KIWINGU CHA MBALI

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa mbingu na ardhi na vilivyomo baina yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao mpaka siku ya Kiyama.



Katika ukurasa huu wa maisha ya wanachuoni, mara hii tumemchagua mtu ambaye jina lake halitajwi sana katika madrasa zetu, ingawa kazi yake inatumika mpaka leo. Huyu ni Abul-Husayn Abdur-Rahman bin Umar as-Sufi ar-Razi, mwanachuoni wa elimu ya nyota aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Tumemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba siku hizi zimetoka darubini ndogo zinazofanya kazi pamoja na simu ya mkononi, na vijana wetu wanaona katika simu picha nzuri za galaksi na nebula zilizopigwa kwa darubini hizo, wakidhani kuwa elimu hiyo haina uhusiano wowote na Waislamu. Ya pili ni kwamba huku kwetu neno nyota limechanganywa na mambo ya ramli, na ni wajibu wetu kuliweka sawa.

KUZALIWA KWAKE NA ZAMA ZAKE

As-Sufi alizaliwa katika mji wa Rayy, ulio karibu na mahali ulipo leo mji wa Tehran nchini Iran. Ilikuwa tarehe 14 Muharram mwaka 291 Hijiria, sawa na tarehe 7 Desemba mwaka 903 Miladia. Jina ar-Razi maana yake ni mtu wa Rayy. Msomaji asimchanganye na tabibu mashuhuri Abu Bakr ar-Razi, ambaye naye alitoka katika mji huo huo na kufariki mwaka 925.

Zama hizo Ukhalifa wa Bani Abbas ulikuwa umedhoofika, na sehemu kubwa ya Uajemi na Iraq ilikuja kutawaliwa na ukoo wa Banu Buwayh. Pamoja na misukosuko ya kisiasa, elimu iliendelea kustawi. Vitabu vya Wayunani vilikuwa vimekwishafasiriwa kwa Kiarabu, karatasi ilipatikana, na watawala walishindana kuwavuta wanachuoni katika miji yao.

As-Sufi aliishi na kufanya kazi Isfahan na Shiraz chini ya mtawala aliyeitwa Adud ad-Dawla. Mtawala huyu alikuwa mdogo kwa as-Sufi kwa zaidi ya miaka 30, na aliupata utawala wa jimbo la Fars mwaka 949 akiwa kijana wa miaka 13 hivi. Wanahistoria wanaeleza kuwa alipokua alijivunia walimu wake. Katika nahau alijivunia kusomeshwa na Abu Ali al-Farisi, ambaye walimu wetu wa lugha ya Kiarabu wanamfahamu, na katika elimu ya nyota alijivunia kusomeshwa na as-Sufi. Alikuwa mfalme mwenye jeshi na hazina, lakini hakuona haya kukaa chini mbele ya mwalimu.

TATIZO ALILOLIKUTA

Kitabu kikubwa cha nyota kilichotegemewa wakati ule kilikuwa kile alichokiandika Ptolemy, mtaalamu aliyeishi Alexandria nchini Misri katika karne ya 2 Miladia. Waarabu walikiita al-Majisti. Ndani yake mlikuwa na orodha ya nyota 1,022 zilizogawanywa katika makundi 48, na kila nyota ilipewa mahali pake na daraja la mwangaza wake. Daraja la kwanza ni la nyota zinazong'aa zaidi na la sita ni la nyota hafifu ambazo jicho linaziona kwa shida.

Kwa upande mwingine Waarabu wa majangwani walikuwa na elimu yao ya nyota, waliyorithishana kwa mashairi na masimulizi. Walikuwa na majina yao na makundi yao, yaliyowasaidia kujua majira ya mvua na njia za safari. Elimu hizi mbili zilikwenda kila moja upande wake, na mara nyingi msomi wa vitabu hakujua nyota ipi ya angani ndiyo hiyo aliyoisoma kwa jina la Kiarabu.

Jambo lililomsikitisha zaidi as-Sufi ni kuwa wengi waliojiita wajuzi wa nyota hawakuwa wakiangalia mbingu. Watengenezaji wa matufe, yaani mipira iliyochorwa nyota, walinakili namba kutoka vitabuni. Kama namba ilikosewa na mwandishi mmoja, kosa likapita kutoka kitabu hadi kitabu na kutoka tufe hadi tufe. Mwenye kuangalia juu usiku angeliona kosa hilo mara moja, lakini hawakuangalia.

KITABU CHAKE

Kwa ajili hiyo as-Sufi aliifanya kazi ambayo ilimpatia jina. Mnamo mwaka 964 Miladia, akiwa na umri wa miaka 60 hivi, aliandika Kitabu Suwar al-Kawakib, yaani Kitabu cha Picha za Nyota, akamtunukia Adud ad-Dawla.

Alikipokea kitabu cha Ptolemy kwa heshima, lakini hakukipokea kwa kufumba macho. Alilifuata kila kundi katika makundi yale 48, nyota moja baada ya nyingine, akaulinganisha mwangaza wake na ule ulioandikwa. Palipokuwa sahihi alikubali, na palipokuwa na tofauti alisema wazi kuwa yeye anaiona nyota hii kuwa kubwa au ndogo zaidi ya ilivyotajwa. Hata daraja zile sita aliziona hazitoshi, akaongeza hatua za katikati. Alitaja pia nyota ambazo Ptolemy hakuziandika. Wataalamu wa zama zetu wameipima kazi yake kwa vyombo vya kisasa na kukuta kuwa jicho lake lilikuwa sahihi kwa kiasi cha kushangaza.

Kuhusu mahali pa nyota, hakuzipima upya zote. Alichukua namba za Ptolemy akaongeza digrii 12 na dakika 42 kwa kila moja, kwa sababu muda mrefu ulikuwa umepita. Dunia inapozunguka huyumba taratibu mno, mfano wa pia ya watoto inapokaribia kuanguka, na kwa hiyo mahali pa nyota zote huonekana kusogea kidogo kidogo kadiri karne zinavyopita. As-Sufi alieleza bayana hesabu aliyoitumia, ili msomaji ajue kipi amekipima mwenyewe na kipi amekipokea. Huo ndio uaminifu wa kielimu.

Kila kundi alilichora mara mbili. Picha ya kwanza ni namna linavyoonekana na mtu aliyesimama ardhini, na ya pili ni namna linavyoonekana juu ya tufe, ambapo kulia na kushoto hubadilishana. Al-Biruni, mwanachuoni aliyekuja baada yake, ameeleza kuwa as-Sufi alitandaza karatasi nyembamba sana juu ya tufe na kunakili nyota zilizoonekana kwa chini. Wakati huo hapakuwa na kamera wala lenzi ya kukuza vitu vya angani, na njia ya kuihifadhi sura ya mbingu ilikuwa mkono, kalamu na subira.

Katika kila sura aliweka majina ya Kiarabu ya nyota pamoja na yale ya Kiyunani. Mengi ya majina hayo yameenea duniani kote. Nyota iitwayo Rigel ni rijl, yaani mguu. Fomalhaut ni fam al-hut, mdomo wa samaki. Aldebaran ni ad-dabaran, yenye kufuata, kwa sababu inaifuata Thurayya, ambayo sisi Waswahili tunaiita Kilimia. Dada zetu wanaoitwa Thuraya na ndugu zetu wanaoitwa Suheli wana majina ya nyota bila ya wengi wao kujua.

Mbali na kitabu hiki, as-Sufi aliandika juu ya asturlabu, chombo cha kupimia urefu wa jua na nyota, kilichotumika pia kujua nyakati za sala. Karibu na mwaka 970 alipima mwendo wa jua huko Shiraz kwa pete kubwa ya kupimia iliyopewa jina la mtawala wake.

KIWINGU KIDOGO

Sasa tufike kwenye jambo lililofanya jina lake litajwe kila wanapozungumzwa wapiga picha wa galaksi. Alipokuwa akieleza kundi la nyota liitwalo Andromeda, as-Sufi alitaja kiwingu kidogo kilichopo karibu na mdomo wa samaki mkubwa ambaye Waarabu walimchora kwa nyota za mahali hapo. Katika mchoro alikitia alama ya vidoa. Ptolemy hakukitaja kiwingu hicho. Hii ndiyo rekodi ya kwanza ya maandishi inayojulikana duniani kuhusu kitu kile.

As-Sufi hakujua ni kitu gani, wala hakutunga maelezo ya kukipamba. Aliona doa jeupe lisilokuwa nyota, akaandika kuwa hapo pana kiwingu. Angeweza kuliacha, kwani halikuwamo katika kitabu cha mkubwa wake na halikuongeza wala kupunguza hesabu yake.

Ilipita zaidi ya miaka 600. Mwaka 1612 Simon Marius wa Ujerumani alikitazama kiwingu kile kwa darubini. Mwaka 1764 Charles Messier wa Ufaransa akakitia katika orodha yake kwa namba 31. Mwaka 1888 Isaac Roberts wa Uingereza alikipiga picha kwa kuiacha kamera wazi kwa muda mrefu, na picha ikaonyesha mikono iliyojikunja kama maji yanayozunguka kwenye shimo. Hata hivyo watu waliendelea kubishana kama ni wingu la gesi lililo jirani au ni kitu cha mbali.

Jibu lilipatikana kwa picha pia. Mwaka 1923 Edwin Hubble, akitumia darubini kubwa ya Mount Wilson huko Marekani, aliona katika picha zake nyota ambayo mwangaza wake hupanda na kushuka kwa mpango maalumu. Kwa nyota ya aina hiyo umbali unaweza kukokotolewa. Ikadhihirika kuwa kiwingu cha as-Sufi kiko nje kabisa ya kundi letu la nyota. Ni galaksi kamili, yenye mamia ya mabilioni ya nyota. Kwa vipimo vya leo nuru yake husafiri kwa miaka milioni 2.5 hivi mpaka itufikie. Basi nuru iliyoingia katika jicho la as-Sufi ilikuwa imeanza safari muda mrefu kabla ya kuwapo mji wowote juu ya ardhi. Subhanallah!

DARUBINI ZA SIKU HIZI

Tumesema mwanzoni kuwa zipo darubini ndogo zenye akili ya kompyuta. Zilianza kuenea katika miaka ya 2020. Baadhi yake zina uzito wa kilo tatu tu hivi na lenzi yenye upana wa sentimeta 5. Mtu huiweka juu ya miguu mitatu mahali pa giza, huiunganisha na simu yake, kisha huchagua jina la kitu anachotaka kukiona.

Je, inajuaje pa kuangalia? Kwanza hupiga picha ya sehemu yoyote ya mbingu. Kisha huulinganisha mpangilio wa nyota zilizomo katika picha na orodha ya nyota iliyohifadhiwa ndani yake, na kwa hivyo hujua imeelekezwa wapi. Mota hulizungusha jicho lake hadi kwenye kitu kilichotakiwa na kuendelea kukifuata kadiri mbingu inavyosogea. Hupiga picha nyingi, kila moja ya sekunde kumi au zaidi, na kuzijumlisha. Picha moja huwa na giza na chembechembe. Zikijumlishwa makumi au mamia, kile kiwingu hufunguka kidogo kidogo juu ya kioo cha simu na mikono yake ikaonekana. Kwa njia hiyo hiyo huonekana nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi wanamosema wataalamu kuwa nyota huzaliwa, kama lile lililomo katika kundi ambalo as-Sufi aliliita al-Jabbar na wengi huliita Orion.

Msomaji azingatie. Chombo hiki kisingeweza kufanya kazi bila ya orodha ya nyota, na kazi yake ya kwanza kila usiku ni ile ile ya as-Sufi, kulinganisha mbingu na kitabu. Orodha ya Ptolemy aliyoikagua ilikuwa na nyota 1,022. Orodha iliyotolewa mwaka 2022 kutokana na setilaiti ya Gaia ya nchi za Ulaya ina zaidi ya nyota bilioni 1.8. Ujuzi huu ni nyumba iliyojengwa na wengi, na tofali moja la msingi wake liliwekwa na Muislamu wa Rayy.

KUFARIKI KWAKE

As-Sufi alifariki tarehe 13 Muharram mwaka 376 Hijiria, sawa na tarehe 25 Mei 986, baada ya kuishi takriban miaka 85 kwa hesabu ya Hijiria. Kitabu chake kilinakiliwa kwa karne nyingi, na moja ya nakala za kale sana imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian huko Oxford, Uingereza. Nasiruddin at-Tusi alikifasiri kwa Kiajemi katika karne ya 13. Mtawala mwanachuoni Ulugh Beg wa Samarkand alikitumia alipotengeneza orodha yake ya mwaka 1437. Huko Ulaya walimwita Azophi, na mchoraji Albrecht Dürer alimchora katika pembe ya ramani yake ya nyota ya mwaka 1515. Juu ya mwezi kuna shimo kubwa lililopewa jina hilo la Azophi.

MAFUNZO KWETU

Kwanza, elimu ya nyota ni sehemu ya kuzingatia maumbile ya Mwenyezi Mungu. Qur'an Tukufu inatufahamisha kuwa nyota zimewekwa ili watu waongoke kwazo katika viza vya bara na bahari. Na siku alipofariki mtoto wake Ibrahim jua likapatwa, Mtume (s.a.w.) aliwafundisha watu kuwa jua na mwezi havipatwi kwa ajili ya kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Alikuwa katika huzuni kubwa, lakini hakuuacha uongo upite.

Pili, tujihadhari na wanaoifanya nyota kuwa mtaji. Hapa Katoro, na kanda nzima ya dhahabu, kuna watu wanaowaambia wachimbaji kuwa nyota zao zimefunikwa na zinahitaji kusafishwa. Mchimbaji aliyeshinda shimoni na tochi kichwani humpelekea mganga fedha ambayo ingelipa karo ya mtoto. Hilo ni dogo. Kubwa zaidi ni damu. Katika kanda yetu hii wameuawa bibi vikongwe kwa kuambiwa wachawi, eti kwa kuwa macho yao ni mekundu, na hali wekundu ule ni wa moshi wa kuni walizopikia watoto na wajukuu kwa miaka mingi. Katika miaka ya 2000 ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa na kukatwa viungo kwa tamaa ya utajiri. Mwezi Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji hayo. Asili ya maovu haya ni ile ile aliyoilalamikia as-Sufi: mmoja husema, wa pili hunakili, wa tatu huongeza, na hakuna anayekwenda kuangalia. Kwa watengenezaji wa matufe hasara ilikuwa nyota kuwekwa mahali pasipo pake. Kwetu hasara imekuwa roho ya mtu asiye na hatia. Na Qur'an imetuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga.

Tatu, kukosa chombo kusiwe kisingizio. Darubini zile bei yake ni kubwa kwa familia nyingi, lakini as-Sufi hakuwa nayo, na kiwingu chake tunaweza kukiona hapa hapa. Mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, ukichagua usiku usio na mbalamwezi ambao mvua imekata, toka nje majira ya saa tatu, mbali na taa za mjini. Elekea kibla, kisha geuka kidogo kushoto uangalie kaskazini. Juu utaona nyota nne zilizounda umbo la pembe nne kubwa. Ile ya kona ya chini kulia huitwa Alpheratz, jina lililotoka katika neno al-faras, nasi tunasema farasi. Kutoka hapo hesabu nyota mbili kuelekea kulia, na ile ya pili ndiyo yenye kung'aa zaidi. Kisha teremka kwa kuzifuata nyota mbili hafifu, ukielekea kushoto kidogo. Kando ya ile ya mwisho kuna doa kama pumzi juu ya kioo. Usilikazie macho, litazame kwa pembeni na lipe jicho lako dakika kumi au zaidi lizoee giza.

Tena sisi tumeneemeshwa zaidi. Kusini mwa anga letu, miezi hiyo hiyo, yapo mawingu mawili meupe ambayo nayo ni galaksi. Lile kubwa halichomozi kabisa kwa mtu aliyeko Shiraz.

Tunawanasihi wanafunzi wachukue daftari, waandike tarehe, saa na walichokiona, hata kama ni kidogo na hata kama hawakijui jina lake. Wasiandike wasichokiona. Wazazi nao tunawaomba wawaruhusu watoto kuuliza, na wakiulizwa wasilolijua waseme Allahu aalam, kisha walitafute pamoja.

Mwenyezi Mungu amrehemu Abdur-Rahman as-Sufi na wanachuoni wote waliotutangulia, atuzidishie elimu yenye manufaa na atukinge na elimu isiyo na manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.